Ya Sabuni

Bi Maimuna wa Rasbura hajawahi kupangisha chumba. Muulize mwenyewe, atakuapia. Watu huja kwake, hulala, hula, na siku ya kuondoka huacha ya sabuni. Hivyo ndivyo tulivyosema mtaani kwetu tangu mumewe alipofariki na kumwachia nyumba ya vyumba vinne, tena pahali pazuri: ukipanda bajaji kutoka hospitali ya mkoa, unafika mlangoni kwake kabla wimbo mmoja wa redio haujaisha.

Waliolala kwake hawakuwa watalii. Walikuwa watu wa vijijini waliokuja mjini kuuguza, na wajawazito walioambiwa wasubiri siku zao karibu na daktari. Mwenye nacho aliweka chochote chini ya mto asubuhi ya kuondoka. Asiye nacho aliacha korosho, au kuku, au dua. Bi Maimuna hakumtajia mtu bei hata siku moja, maana kwake kumtajia bei mwenye mgonjwa ilikuwa aibu kama ya kutoka nje bila kanga. Lakini tusidanganyane, aliishi kwa hiyo sabuni. Unga, mafuta ya taa enzi zile, umeme siku hizi, na vidonge vyake vya presha, vyote vilitoka chini ya mito.

Kisha likapita gari la matangazo.

Lilipita polepole, kipaza sauti kikikwaruza, likasema kwamba kila anayelaza wageni kwa malipo, hata chumba kimoja, hata usiku mmoja, ajisajili manispaa na apate leseni, na nyumba isiyo na leseni itafungwa. Yalifuata maneno mengine, ya choo, ya maji, ya daftari la wageni. Bi Maimuna hakuyasikia. Alikuwa uani anapepeta mchele, na sikio lake likabaki kwenye neno lile moja, itafungwa. Ungo ulimponyoka, mchele ukamwagika, na kuku wakafaidi.

Utauliza, kwa nini asiende tu kujisajili? Rahisi kusema hivyo kama hati ya nyumba iko kabatini kwako. Nyumba ile ilikuwa bado kwa jina la marehemu, na mirathi haikufunguliwa. Bi Maimuna aliamini akikanyaga tu ofisini ataulizwa nyumba ni ya nani, na swali hilo litasafiri lenyewe hadi Miteja, kwa shemeji zake, ambao tangu msiba hawakuwahi kuja hata kumjulia hali. Basi akakaa kimya. Alidhani ukikaa kimya sana serikali itakusahau.

Jirani yake Mwahija ndiye aliyemwongezea hofu. Mwahija ana moyo mwema, lakini habari ikipita mdomoni mwake hutoka imenenepa. Alikuja jioni na kanga yake begani, akakaa barazani.

"Dada Maimuna, umesikia ya kule chini? Wamefunga nyumba ya mtu na sufuria ikiwa jikoni. Maharage yameozea humo ndani."

"Nani kakwambia?"

"Watu. Na wamepiga ile alama nyekundu ukutani. Eksi."

Mtu wa nchi hii haelezwi maana ya eksi nyekundu ukutani. Bi Maimuna usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi kabla ya kuswali alitoka na tochi ya simu kuukagua ukuta wake, upande hadi upande, kama haujapigwa alama ya kubomolewa.

Wakati huo alikuwa na mgeni mmoja tu, Stefania. Alikuwa binti mfupi, mcheshi, Mmatumbi wa milimani huko Kilwa, mwenye rozari ya mbao shingoni na tumbo lililokuwa limeshafika mwezi wake. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa kupasuliwa na nusura wapotee wote wawili, kwa hiyo safari hii alitakiwa asubiri mjini. Mumewe, Gregori, alibaki milimani na mtoto na shamba, na kule mtandao ni mpaka upande kilimani ndipo uupate. Stefania alimwita Bi Maimuna "bibi", akamsaidia kuchambua mchicha, na Bi Maimuna akampenda bila kujiuliza. Angeweza kumwondoa. Mwahija alimshauri hivyo. Lakini ampeleke wapi mtu wa hali ile?

"Sikiliza," alimwambia. "Akija mtu yeyote hapa akakuuliza, wewe si mgeni. Wewe ni mwanangu. Niite mama."

"Na nikiulizwa baba?"

"Baba kafa. Hilo ni kweli."

Mtu akaja. Alipiga hodi mchana, shikamoo yake ilikuwa nzuri, shati lake limepigwa pasi. Akajitaja kuwa ni Jafari, kutoka manispaa, wanapita nyumba kwa nyumba.

"Marahaba, mwanangu, karibu kiti," alisema Bi Maimuna, na sauti yake akaisikia kama inatoka chumba cha pili.

"Mama, hapa mnalaza wageni?"

"Wageni wa wapi? Mimi mjane tu."

"Tumeambiwa watu wa hospitali hufikia hapa."

"Ndugu hao. Mtu akija kuuguza utamfukuza?"

"Wanalipa?"

"Hawalipi! Wakiondoka huacha ya sabuni."

Jafari akainua macho. "Sabuni gani hiyo, mama?"

"Sabuni. Ya mche. Ya kufulia mashuka."

Jafari akaandika. Bi Maimuna aliitazama ile kalamu ikitembea. Hapo hapo Stefania akatokea uani na ndoo tupu, rozari inaning'inia juu ya tumbo.

"Na huyu?"

"Mwanangu."

"Wa kumzaa?"

"Wa kumzaa."

Jafari alitazama rozari ya Stefania. Kisha akatazama tasbihi ya Bi Maimuna iliyotundikwa msumarini mlangoni. Stefania akaona macho yanavyokwenda na kurudi, akasema kwa sauti ya mwanafunzi aliyekariri, "Mama, nikuwekee maji ya kuoga?" Ilikuwa saa nane mchana.

Kijana hakucheka. "Hata mimi nyumbani nina mwenye tumbo kama hilo," alisema akisimama. "Mungu awafungue salama. Lakini, mama, nitarudi. Nikikuta wageni wa kulipa na leseni hakuna, nitafunga. Ukijisajili hatuna makubwa. Choo kiwe safi, na kila mgeni aandikwe jina, atokako, na mtu wa kumpigia likitokea la kutokea."

"Inshallah, mwanangu, inshallah," alisema Bi Maimuna, huku akimsindikiza haraka kama anayetoa mbuzi sebuleni. Alichosikia ni nitarudi na nitafunga.

Kuanzia hapo hofu ilihamia kwake kabisa. Pikipiki ikipunguza mwendo nje, yeye huacha alichoshika. Katika swala alisahau rakaa na kuanza upya. Mzee mmoja wa Kiranjeranje, aliyewahi kulala kwake mara nyingi, alikuja na mkewe mgonjwa akiwa amemshika mkono, na Bi Maimuna akamwambia mlangoni, bila hata kumkaribisha maji, kwamba hapa hapalazwi watu. Mzee akashangaa, akaomba radhi yeye, akaondoka. Baadaye tulisikia walilala kwenye baraza ya hospitali. Bi Maimuna aliposikia alijifungia chumbani akalia, na bado kesho yake angefanya vile vile. Hofu humfanya mtu mwema awe na mkono mfupi, na yeye mwenyewe alilijua hilo na likamuuma.

Mwahija naye hakuchoka. Safari hii alikuja na habari kwamba wakaguzi wanashika hadi simu za watu. "Wanaangalia mtu anampigia nani. Wakikuta 'Mama' ni namba ya milimani, na umesema mama ni wewe, umekwisha."

Ukilifikiri jambo hilo kwa utulivu, ni upuuzi. Lakini utulivu ulishaondoka katika nyumba ile. Bi Maimuna akamwita Stefania, wakakaa mkekani na simu ndogo ya vitufe.

"Niandike mimi 'Mama'."

"Na mama yangu nimwandikeje?"

"Jina lolote. Ila lisiwe la mama."

Stefania alifikiri, kisha akacheka mpaka akashika tumbo. "Nimemwandika Sabuni. Si ndiye nimemwambia akija kunichukua aje na ya sabuni?"

Bi Maimuna naye akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu gari la matangazo lipite, na hakikudumu.

Siku ilipofika haikuja kwa uchungu kama tulivyozoea. Stefania aliamka analalamika kichwa na kuona ukungu machoni. Miguu ilikuwa imevimba. Mchana akiwa anakosha vyombo uani, sahani ilimponyoka, akaanguka ubavu, mwili ukakakamaa, macho yakageuka, povu likamtoka. Bi Maimuna alipiga ukelele uliotutoa wote majumbani. Tulimbeba kwa shuka lake tukampakia kwenye bajaji, kadi yake ya kliniki na simu vikiwa kwenye kanga yake iliyolowa maji ya vyombo, na Bi Maimuna akaketi nyuma amempakata, anasoma kila aya aliyoijua, na zilipoisha akaanza tena.

Hospitalini walimpokea kwa machela na milango ikafungwa. Bi Maimuna akabaki kwenye korido, kanga imelowa povu na damu ya ulimi. Akatafuta benchi. Kwenye benchi, ameshika chupa ya chai na kikapu, alikuwa ameketi Jafari.

"Shikamoo, mama. Na wewe umemleta mwanao? Wangu yuko humo tangu asubuhi."

Unaweza kumlaumu? Mtu wa kufunga nyumba yake alikuwa amekaa hatua moja kutoka kwake, anamuuliza kwa huruma. "Ndiyo," alisema Bi Maimuna. "Mwanangu."

Jafari akamsogezea nafasi, akammiminia chai.

Mlango ukafunguka. Alikuwa muuguzi, mwanamke wa makamo aitwaye Witness, anatembea kwa haraka ya watu ambao hawakimbii ili wasitishe wengine. Mkononi alikuwa na kadi ya kliniki na simu ndogo ya vitufe.

"Mama wa Stefania yuko hapa?"

Bi Maimuna alinyoosha mkono nusu.

"Mama, ni kifafa cha mimba. Tunampasua sasa hivi. Hajitambui. Kadi inaonyesha mara ya kwanza kuna dawa ilimdhuru vibaya, lakini jina la dawa limefutika, kadi imelowa. Dawa gani?"

"Dawa?"

"Alipojifungua mara ya kwanza. Ulikuwepo? Alipewa sindano gani ikamdhuru?"

Bi Maimuna alifungua mdomo. Alijua Stefania anapenda uji wa ndimu. Alijua analalia ubavu wa kushoto na huimba kanisani kwao. Dawa hakuijua. Alitazama kadi, akatazama miguu ya Jafari pembeni yake, viatu vimepigwa rangi vizuri, na nyumba nzima ikamjia machoni, kitanda cha marehemu, jiko, tasbihi msumarini, na kufuli juu ya yote.

"Sikumbuki," alisema.

"Mama, hukumbuki? Alivimba? Alizimia? Jaribu kukumbuka, tafadhali, wanasubiri ndani."

"Labda... mpigie Sabuni."

"Nani?"

"Kwenye simu. Kuna namba imeandikwa Sabuni."

Witness alimtazama vile wauguzi humtazama mtu aliyechanganyikiwa na msiba. Alishazoea. Hakutaka kupoteza wakati na muuza sabuni. Aliitazama simu ya mgonjwa, akishuku kwamba mama halisi yuko kwingine, akabonyeza 'Mama', jina ambalo mtu yeyote mwenye akili angelibonyeza.

Simu ya Bi Maimuna ikalia kifuani mwake.

Ililia kwa ule wimbo wake wa kaswida, kwa sauti kubwa, maana masikio yake si mazuri siku hizi. Korido nzima iligeuka. Witness alishusha simu, akasikia inalia mbele yake, akaitazama kanga ya Bi Maimuna inayotetemeka, na uso wake ukabadilika. "Ni wewe huyu," alisema. "Wewe ndiye Mama. Basi niambie, mama, dawa gani?"

Hofu ina kiwango chake. Kwa muda wote ule Bi Maimuna alikuwa akiogopa kufuli, na sasa ikaja hofu nyingine, kubwa, ikaisukuma ile ya kwanza pembeni. Aliona kwamba nyuma ya mlango ule binti wa watu atakufa kwa sababu ya jina alilomwandikisha kwenye simu.

"Mimi si mama yake," alisema.

Witness akaitazama tena simu.

"Si mwanangu. Ni mgeni. Analala kwangu kwa malipo, nalaza wageni miaka yote, sina leseni. Uongo nilimfundisha mimi. Mama yake ndiye huyo Sabuni. Mpigie Sabuni, mwanangu, kwa jina la Mungu mpigie sasa hivi."

Hakumtazama Jafari. Alisikia tu kifuniko cha chupa ya chai kikifungwa taratibu.

Simu iliita ikakatika. Witness akapiga tena. Mara ya pili ilipokelewa, na sauti ya mwanamke wa milimani, anayeongea kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde, ikajaa korido: alikuwa Getrude, mama yake Stefania, aliyekuwa amepanda kilimani kungoja habari za mwanawe. Alipoelewa anaongea na nani hakulia. Alisema, "Pensilini! Msimpe pensilini! Mara ya kwanza alivimba uso wote, koo likaziba. Pensilini, umenisikia, binti?" Witness alishageuka, alishafika mlangoni, anaita jina la dawa kwa walioko ndani.

Bi Maimuna akakaa chini sakafuni. Baadaye Jafari aliitwa na yeye, akaenda, na aliporudi uso wake ulikuwa na furaha ambayo hakujua aifiche wapi. Alipompita Bi Maimuna alisimama kidogo, kama mtu aliyesahau kitu, kisha akaenda zake. Jioni Witness alitoka kusema kwamba mtoto ni wa kiume, mdogo lakini anapumua, na mama yake hajaamka ila atapona. Bi Maimuna alisujudu pale pale kwenye sakafu inayonuka dawa, na alipoinuka hofu ya kwanza ilikuwa inamngoja.

Kesho yake alianza kutoa vitu nje. Alitoa sufuria, magodoro, picha ya marehemu, kinu. Hakutaka maharage yaozee ndani. Mimi na Mwahija tulimsaidia, na Mwahija kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na habari yoyote ya kuongeza. Tulipomaliza alikaa juu ya kinu, ufunguo mkononi, akangoja.

Jafari alikuja saa nne. Alipoona vitu uani alisimama.

"Mama, unahama?"

"Nyumba bado iko kwa jina la marehemu, mirathi haijafunguliwa," alisema Bi Maimuna, akamnyooshea ufunguo.

"Huo wa nini? Nyumba yako kaa. Nafunga vyumba vya wageni tu, mpaka ujisajili." Sauti yake haikuwa kali wala laini. "Mambo ya mirathi ni ya mahakama, mimi sina ninalojua. Nenda ukaulize, usiogope. Lakini vyumba nafunga, mama. Ulisema mwenyewe mbele yangu. Nikiacha kwako, nitafungaje kwa mwingine?" Akaweka kufuli chumba cha kwanza. Akaweka kufuli cha pili, kile cha Stefania, ambacho ndani bado kulikuwa na shuka lake la damu ya jana, lililorudi kutoka hospitali, na Bi Maimuna akaomba alitoe kwanza, akaruhusiwa. Alilishika shuka lile mapajani na kulia bila sauti. Hakuwa na hakika atakula nini mwezi ujao, na hilo alilisema kwa sauti, bila kumlenga mtu.

Ndipo bajaji ikasimama nje. Akashuka mwanamke mwembamba mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, na kitenge kimefungwa mzigo. Alikuwa ameshuka milimani usiku, akapata lori Miteja, akapita hospitali kumwona mwanawe, na sasa anaulizia nyumba ya bibi.

Jafari alimtazama, kisha akamgeukia Bi Maimuna. Kazi ni kazi. "Na huyu ni nani yako?"

Bi Maimuna alifumba macho. Swali lilikuwa lile lile. Alitafuta jibu lisilo la uongo, na lisilomfukuza mtu.

"Mimi ni Getrude," akajibu mgeni mwenyewe. "Mama wa Stefania. Huyu naye, naambiwa, ni Mama wa Stefania. Sasa sijui wewe utatuandikaje." Akapiga magoti, akafungua mzigo wake wa kitenge. "Mwanangu aliniambia nikija nisisahau ya sabuni ya bibi. Nilikuwa nayo tayari tangu mwezi uliopita."

Akatoa mche mzima wa sabuni ya kufulia, wa buluu, umefungwa vizuri kwa jani la mgomba, akampa Bi Maimuna kwa mikono miwili.

Jafari aliutazama mche ule. Akairudisha kalamu mfukoni bila kuandika kitu. "Wageni wa kulipa, mama," alisema mwishoni. "Hao ndio niliowafungia, si huyu." Akaaga, akaondoka na funguo zake.

Bi Maimuna alimwonyesha Getrude chumba chake mwenyewe, kitanda cha marehemu, alale kwanza. Kisha akateka maji, akakata kipande cha sabuni kwa kisu, akakaa uani kufua shuka la Stefania. Damu ilikuwa imeganda, ikachukua muda mrefu kutoka.